Mashimo Manne Chini ya Kiti

Kiti kikiingia karakanani kwetu, jambo la kwanza ninalofanya ni kukigeuza miguu juu. Mwenyewe huwa amekitazama mbele kwa miaka mingi, amekifuta vumbi, amekalisha wageni. Mimi nataka kuona kule ambako hakuna aliyepiga polishi. Huko chini unakuta meno ya msumeno yalivyopita, unakuta mstari fundi aliouchora kujipimia, unakuta gundi iliyochuruzika miaka mia mbili na zaidi iliyopita ikakauka kama punje za ubani. Mbele ya kiti ni kwa ajili ya mgeni. Chini ni mazungumzo ya fundi na nafsi yake.

Kiti ninachotaka kuwasimulia kililetwa mwezi Novemba, kimezungushiwa blanketi, mguu mmoja wa nyuma ukicheza kama jino la mtoto. Ni kiti cha kulia chakula, cha mahogani, cha miaka ya 1760 au karibu na hapo, kimoja kati ya seti iliyotengenezwa kwa jumba fulani la mashambani hapa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Waingereza wakisema nyumba ya mashambani usifikirie shamba la jembe. Wanasema jumba la mwenye ardhi, lenye vyumba kwa makumi, bustani isiyoonekana mwisho wake na watumishi wa kutosha kujaza kijiji. Vitu vya jumba lile viliuzwa zamani vikatawanyika, na mteja wetu alirithi viti vinne kutoka kwa shangazi yake.

Nilipokigeuza nikaona mashimo manne ya skrubu kwenye fremu ya kikalio, mawili huku na mawili kule. Hayashikilii kitu chochote. Skrubu zilishatoka zamani, na kuta za mashimo zimekuwa nyeusi kwa umri.

Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sasa amestaafu, ndiye aliyenionyesha mashimo ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Alitia ncha ya kidole akasema, "Haya ni ya safari." Kiti kilipokwisha kutengenezwa London kilipachikwa kwa skrubu juu ya vipande vya mbao, kutoka chini, kisha vikaingizwa ndani ya sanduku ili kisigongane na wenzake njiani. Samani za London zilizokuja Yorkshire zilipanda magari ya farasi, au zilipakiwa melini hadi bandari ya Hull na kumalizia safari kwa mto. Zikifika, mtu alifungua skrubu, akavisimamisha viti mezani, na mashimo yakabaki gizani huko chini yakingoja mtu wa kuyauliza.

Mashimo hayo ni mojawapo ya alama ambazo wataalamu huzitafuta kwenye viti vilivyotoka karakana ya Thomas Chippendale, fundi samani maarufu wa London wa karne ya 18. Sisemi kiti hiki ni chake. Chippendale hakuwa na desturi ya kugonga muhuri wala kubandika karatasi kwenye kazi zake, kwa hiyo kinachothibitisha ni hati ya malipo iliyobaki nyumbani kwa mnunuzi. Kiti bila hati ni kama mtoto aliyeokotwa: unaweza kusema amefanana na nani, huwezi kuapa. Hiki hakina hati. Lakini kilinirudisha Nostell.

Nostell ni jumba lililo karibu na mji wa Wakefield. Tangu 1953 liko chini ya National Trust, shirika linalotunza majumba ya kihistoria, na ndani yake kuna samani za Chippendale zaidi ya mia moja, nyingi kati yake zikiwa na hati zake. Nimekwenda huko mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikifika napita vyumba vyote haraka, hata kile cha kulala chenye karatasi za ukutani za Kichina zilizochorwa ndege kwa mkono, ambacho wageni wengi ndicho hukipenda zaidi. Mimi naenda maktaba.

Katikati ya maktaba ile ipo meza. Ilitengenezwa kwa ajili ya Baroneti Rowland Winn, wa tano katika ukoo kuwa na cheo hicho, aliyerithi jumba mwaka 1765 na kuanza kulipamba upya akiwa na msanifu Robert Adam. Meza ililetwa 1767. Ni ya kuandikia, pana kiasi kwamba watu wawili wanaweza kukaa pande mbili bila kugusana viwiko. Chini ina milango kila upande: upande mmoja ukifungua unakuta watoto wa meza, upande wa pili unakuta vyumba vya kuwekea karatasi. Pembeni zimesimama nguzo zilizochongwa vichwa vya simba juu na makucha ya simba chini, na kwenye milango kuna maumbo ya yai yaliyochongwa. Juu imefunikwa ngozi nyeusi. Hati ya malipo inataja yote hayo moja baada ya jingine, inasema ni mbao nzuri sana, kisha inataja bei: pauni 72 na shilingi 10. Fundi wa kawaida wa London wakati huo hakuwa akipata kiasi hicho kwa mwaka mzima.

Baroneti alijivunia meza hiyo. Upo mchoro wa Hugh Douglas Hamilton unaomwonyesha ndani ya maktaba pamoja na mkewe Sabine, Mswisi aliyeolewa akaletwa Yorkshire, na meza ipo nao pale kama mtu wa tatu katika familia.

Nimesimama mbele ya makucha yale ya simba nikiwa nimeinama mpaka mlinzi wa chumba akaniuliza kama najisikia vizuri. Nilikuwa natazama kingo. Kila unywele wa simba una ukingo mkali hadi leo, kana kwamba patasi imetoka jana. Kata msonobari namna hiyo, ukingo utamomonyoka. Kata mwaloni, nyuzi zake nene zitakuvuta kule zinakotaka zenyewe. Mahogani ya zamani hukatika kama jibini gumu, kwa upande wowote utakaoingilia, na ikishakatwa haisahau. Hilo huwezi kuliona kwenye picha. Lazima uinamishe shingo.

Katika hati za Nostell kuna pia gogo la kukatia nyama jikoni, la mti wa elm, lililouzwa kwa shilingi 10. Fundi mkubwa kuliko wote wa enzi yake aliletea jumba lile meza ya simba na gogo la bucha, akaviandika vyote kwa mwandiko uleule wa biashara. Napenda sana habari hiyo. Chippendale alizaliwa Otley, hapahapa Yorkshire, mwaka 1718, katika ukoo wa maseremala. Mwaka 1754 alichapisha kitabu kikubwa cha michoro ya samani, na kitabu hicho ndicho kilichofanya jina lake liwe jina la mtindo mzima. Mwaka huohuo alihamia Mtaa wa St Martin's Lane, London. Mwaka uliofuata karakana ikashika moto, na masanduku ya vyombo ya mafundi 22 yakateketea. Kila nikisoma habari ya moto ule nafikiria yale masanduku. Fundi akipoteza patasi zake alizozoea, mpini uliokwisha kuchimbika kwa dole gumba lake mwenyewe, amepoteza nusu ya mkono.

Na Baroneti hakuwa mlipaji. Zipo barua za Chippendale akimbembeleza amlipe, huku Baroneti naye akilalamika kazi zinachelewa. Mtu ambaye leo kiti chake kimoja kinaweza kununua nyumba aliandika barua za kuomba haki yake. Alifariki 1779 bila utajiri wa kuonyesha, na mwanawe aliyerithi kazi na jina alifilisika mwaka 1804.

Habari hizi za fundi na mteja wake zimeandikwa sana. Maonyesho yamefanywa, vitabu vimejaa. Jambo linalonikaa moyoni ni kwamba tunasimulia kana kwamba ubao ulianzia mlangoni kwa Chippendale. Hati inasema "mbao nzuri sana" basi. Haisemi ilitoka wapi, wala nani aliuona mti ukiwa umesimama. Nami ninaishika mbao hiyo kila siku, nairanda, naibandika, naivuta pumzi yake, na najua kwamba mtindo wenyewe tunaousifu umetokana na tabia ya mti ule.

Tazama egemeo la kiti hiki cha mteja wangu. Ni ubao mmoja wenye unene usiozidi kidole, umetobolewa mpaka umekuwa kama utepe uliofungwa fundo. Sehemu nyingine upana wake haufiki sentimita mbili. Mtu mzima ameegemea hapo, vizazi vinane au tisa, baada ya chakula kizito. Zamani Waingereza walitengeneza viti vya mwaloni, vizito kama ukuta, kisha wakapenda mjozi, mbao nzuri lakini bungua nao huipenda. Mahogani ya visiwa vya Karibi ilipofika, fundi alipata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: mbao ngumu, nzito, isiyopindapinda hewa ikibadilika, isiyoliwa na bungua kwa urahisi, na inayotoka kwenye mti mkubwa kiasi kwamba uso wa meza nzima ulipatikana kwa ubao mmoja bila kiungo. Ule utepe wenye fundo haukuwezekana kabla. Mchoro ni wa fundi. Ruhusa ya kuuchora ilitoka kwa mti.

Na mti haukufika kwa bahati. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofuta ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika, Karibi ikiwemo. Lengo lilikuwa vifaa vya jeshi la majini, lakini waliofaidika sana walikuwa waingizaji wa mahogani. Robert Walpole, kiongozi wa serikali wa wakati huo, alijenga jumba lake la Houghton huko Norfolk akaweka ngazi na milango ya mahogani. Wenye ardhi wenzake wakaona, wakataka. Jamaica ilitangulia kuvunwa. Miti iliyokuwa karibu na mito na pwani ilipokwisha, mashoka yakahamia milimani, kisha Cuba, kisha Ghuba ya Honduras, nchi tunayoiita Belize leo.

Waliokata walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Hapa naomba tusiruke haraka, kwa sababu maelezo ya kazi yao huko Belize, yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 19, ni maelezo ya ufundi kamili, na sijawahi kuyaona yakiwekwa ukutani karibu na meza yoyote.

Mahogani haioti kwa vichaka. Mti mmoja uko hapa, mwingine mbali huko, katikati ya msitu usiopenyeka. Kwa hiyo kila kundi lilikuwa na mtu mmoja aliyeitwa mwindaji, naye hakuwinda mnyama. Aliwinda miti. Mwezi Agosti, majani ya mahogani yanapogeuka rangi na kuwa ya manjano mekundu, alipasua njia peke yake mpaka mahali pa juu, akapanda mti mrefu kuliko yote, akaangaza macho juu ya msitu mzima. Kutoka kule aliitambua mahogani kwa rangi yake, akapima kwa macho umbali na upande, akashuka, akaingia msituni ambako huoni hatua kumi mbele, akaufikia mti uleule. Naye alikuwa mali ya mtu. Jicho lile lilikuwa na mwenyewe mwingine kwenye daftari.

Baada yake walikuja wenye mashoka. Mahogani kubwa chini imetanua mizizi kama mabawa, hivyo haikatwi shinani. Walijenga dungu kuuzunguka mti, wakasimama juu kiasi cha mita tatu au nne kutoka ardhini, wakakata wakiwa huko. Mti unaoweza kufikia urefu wa mita 40 ukianguka, mtu aliye juu ya dungu hana pa kukimbilia ila aruke upande unaofaa kwa wakati unaofaa. Kisha barabara zilisafishwa msituni mpaka mtoni, zikaandaliwa kwa ajili ya kiangazi. Magogo yaliburutwa usiku, kwa sababu mchana joto lingeua maksai. Soma tena: walihurumiwa maksai. Wanaume walitembea kando na mienge ya msonobari mikononi, minyororo ikilia, mpaka gogo lifike ukingoni mwa mto. Hapo lilitiwa alama ya mwenyewe na kungoja mvua. Mito ilipofurika yalisukumwa majini, na wanaume wakayafuata kwa mitumbwi mpaka karibu na bahari, yalikozuiwa kwa minyororo mizito iliyotandwa kukata mto.

Kazi ile ilifanyika mbali na macho ya mabwana, na mashoka yalikuwa mikononi mwa wakataji. Waliasi, si mara moja. Mwaka 1773 katika bonde la Mto Belize walijitwalia kambi kadhaa za kukatia miti na walipigana kwa miezi kabla ya kuzidiwa. Mwaka uleule, hapa Yorkshire, Chippendale alipeleka kabati maarufu kwenye jumba la Harewood, lenye sura za miungu wa kike Diana na Minerva, kwa pauni 86. Kabati hilo si la mahogani. Ninalitaja kwa sababu ya jumba lenyewe.

Harewood liko karibu na Leeds. Ujenzi ulianza 1759, mwenyewe akiwa Edwin Lascelles, na kazi ambayo Chippendale alianza kumfanyia mwaka 1767 ndiyo kubwa kuliko zote alizopata maishani. Fedha za ukoo wa Lascelles zilitoka Karibi, hasa Barbados: sukari, mikopo kwa wenye mashamba, na biashara ya watu. Bunge la Uingereza lilipofuta utumwa kwa sheria ya 1833, lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakupata senti. Mkuu wa ukoo wa Harewood alilipwa zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Wenye jumba la sasa hawafichi hayo, wanayasema mbele ya wageni, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini hata pale mazungumzo huwa ni ya sukari. Sukari ililipia kiti. Mahogani ndiyo kiti chenyewe.

Sukari huliwa ikaisha. Mti aliouona yule mtu kutoka kileleni Agosti moja bado upo, umesimama kwenye chumba cha kulia, una joto la mkono ukiugusa. Kama kuna kazi ya mikono ya wale wanaume iliyobaki kushikika duniani, ni hii. Si mfano wala ukumbusho. Ni hii yenyewe, na tunaiandikia kadi isemayo: Chippendale, London, 1767.

Lancaster, upande wa magharibi wa nchi hii, mnyororo ulikuwa mfupi zaidi. Pale alianza Robert Gillow kiasi cha mwaka 1730, na kampuni yake ilinunua mahogani moja kwa moja kutoka Karibi na kupeleka samani kulekule. Meli iliyoleta gogo ilirudi na meza. Kuanzia miaka ya 1780 walianza kugonga jina lao kwenye kingo za watoto wa meza, na fundi akivuta akaona herufi hizo hufurahi kwa sababu bei inapanda.

Nina deni langu mwenyewe katika habari hii. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa kabati la mahogani lililoachwa banda la nje, nikatakiwa kulisafisha. Nilitoa watoto wa kabati, na chini ya mmoja nikakuta michirizi ya chaki na kitu kama tarakimu. Nikaona ni uchafu. Nikachukua msasa, nikapitisha mara nne au tano, mbao ikatoka nyeupe, nikajisikia fundi. Mzee alipokuja alisimama muda mrefu bila kusema. Kisha akaniambia huenda ilikuwa hesabu ya mkata mbao, au namba ya kazi, au jina. Hakunigombeza. Hata leo nikishika msasa nakumbuka kimya chake, na tangu siku ile sigusi upande wa chini wa kitu chochote kabla sijaupiga picha na kuusoma kwa taa ya pembeni.

Ndivyo nilivyofanya kwa kiti hiki. Taa ikiwekwa chini kabisa, mwanga ukilala juu ya mbao, kila kitu kinainuka. Niliona mawimbi madogo ya randa. Niliona mikato miwili ya pembetatu iliyowekewa jiriwa siku gundi ilipokuwa mbichi. Na ndani ya vinyweleo vya mbao niliona punje nyeupe kama chokaa, nyingi, zimejipanga kwenye nyuzi. Chokaa hiyo, pamoja na uzito wake mkononi, ndiyo dalili ambayo wazee wa kazi huitumia kutambua mahogani ya visiwani, Cuba au Jamaica, tofauti na ile nyepesi zaidi ya Honduras. Rangi nayo ilinipa habari. Watu hudhani mahogani ni nyeusi nyekundu kama damu iliyokauka. Giza hilo mara nyingi ni la polishi na rangi zilizopakwa karne ya 19. Mafundi wa wakati wa Chippendale waliisugua kwa mafuta ya kitani na unga wa matofali, au kwa nta, nayo iling'aa nyekundu hai. Nilipochomoa kiungo cha mguu, ulimi uliokuwa umejificha ndani ya tundu lake tangu ulipotiwa haukuwa mweusi. Ulikuwa na rangi ya chai ya rangi ukiinyanyua glasi kwenye jua.

Ulimi huo ulikuwa umevunjika. Ilibidi niuongezee kipande kisichozidi urefu wa kidole changu cha kati, na kipande kitoke wapi? Mahogani ya Amerika ya Kati iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini tangu 2003, na ile ya visiwani ilitangulia mwaka 1992. Misitu haikupona. Nilimpigia kaka yangu aliye Tanga, ambaye huuza mbao, nikamweleza. Akasema, "Dada, si nikutumie mkangazi? Huku ndiyo mahogani yetu." Ni kweli, mkangazi ni wa ukoo uleule, pamoja na mwarobaini ambao mama yetu alituchemshia majani yake kwa kila homa. Nilifurahi sana kumweleza kwamba kiti cha Baroneti na dawa chungu ya mama ni jamaa. Lakini mkangazi nyuzi zake hupishana, huku zikivutia kulia na huku kushoto, na rangi yake haitakubali kukaa karibu na ile. Nilimshukuru, nikaenda kwenye pipa letu la masalia.

Pipa hilo ndilo hazina ya karakana. Humo tunaweka miguu ya meza zilizokufa, nguzo za vitanda, vipande vya milango. Siku hizi samani hizi za kahawia zimeporomoka bei vibaya. Nimeona mnadani kabati zuri la mahogani la miaka ya 1790 likienda kwa bei ndogo kuliko la maganda ya mbao linalouzwa likiwa vipandevipande kwenye boksi. Watu wanayapaka rangi nyeupe yapendeze sebuleni, au wanayatupa. Inaniuma. Naokota ninachoweza. Safari hii nilipata bawa la meza ya kulia lililopasuka katikati, zito, lenye chokaa ileile vinyweleoni. Nilikata kipande changu nikifuata nyuzi, nikakilinganisha mara tatu, nikakipachika kwa gundi ya ngozi iliyopashwa kwenye maji moto, ileile waliyotumia wao, ili fundi atakayekuja baada yangu aweze kukitoa kwa mvuke bila kuumiza kitu. Usiku ule jiriwa zilikaa juu yake. Asubuhi mguu ulisimama kimya.

Kila kazi ikiisha huwa tunaandika ripoti ya ukurasa mmoja kwa mteja. Ina mstari wa mbao. Kwa miaka niliandika neno moja hapo, mahogani. Safari hii niliandika: mahogani ya Karibi, kwa dalili za uzito na chokaa, mti uliangushwa na watu waliokuwa utumwani, majina yao hayakuandikwa, ulifika London kwa meli, ukawa kiti, ukaja Yorkshire ukiwa umefungwa kwa skrubu nne. Mwenye karakana alisoma, akafikiri kidogo, akaweka sahihi yake chini ya yangu.

Mteja alikuja kuchukua kiti Jumamosi. Alikuwa na haraka, hakusoma, alilipa akaenda. Jumatatu jioni simu ikaita. Alikuwa chumbani kwake kwa chakula, amevigeuza vyote vinne miguu juu kwenye zulia, ana tochi mkononi. Aliniambia vitatu vina mashimo, cha nne hakina, akaniuliza hicho cha nne kilikujaje. Nikamwambia akilete.